Utetezi wa Mwanafunzi wa Uhandisi Atakaye Mshahara

Imeenea katika Nyanda za Juu Kusini, tangu kumbi za mahafali za Iringa hata ofisi za walimu wa Mbeya, rai moja ambayo kwa kurudiwa sana imekwisha kupata taadhima ya sheria: kwamba kijana hastahili kusoma uhandisi chuo kikuu ila awe ameitwa na kazi hiyo tangu utotoni, kwamba ambaye hakuunda magari ya mabati alipokuwa na umri wa miaka saba, wala hakuifungua redio ya babaye ikashindikana kufungwa tena, huyo ni mpita njia katika fani, na kwamba ajaye chuoni kwa sababu mshahara wa mhandisi ni mnono kuliko wa jirani yake, au kwa sababu mjomba kamwagiza, au kwa sababu Bodi ya Mikopo huwatazama kwa jicho la huruma wasomao sayansi, amekwisha kuitia fani doa kabla hajashika rula. Rai hii ina watetezi wengi, na wengi wao ni watu wa heshima zao. Mimi naiona ni batili, na zaidi ya kuwa batili naiona ina madhara, nami nimekusudia kuipinga bila haraka.

Insafu yataka hoja ya mpinzani isemwe kwa nguvu yake yote kabla ya kujibiwa. Wao husema kwamba kazi ya mhandisi imebeba roho za watu, na daraja likianguka au bwawa likipasuka hapana radhi inayoweza kuombwa ikatosha. Kwamba atafutaye fedha atapunguza saruji ili fedha iongezeke. Kwamba masomo yenyewe, kwa hesabu zake za mvutano na mgandamizo na kwa usiku wake wa kukesha mbele ya michoro, ni mazito mno kwa mtu asiye na mapenzi nayo, ndiyo maana wengi wa namna hiyo huangukia mitihani ya marudio, au hudisko, kama wasemavyo vijana kwa neno lisilonipendeza lakini linaloeleweka na kila mtu. Na kwamba, mwisho wa yote, asiyeipenda kazi huiacha siku ya kwanza apatapo kiti cha benki. Hoja hizi si za kipuuzi. Ile ya saruji nitaijibu kwa urefu mahali pake, maana ndiyo nzito. Ile ya ugumu wa masomo naimaliza hapa hapa: sijamwona mtu aliyefaulu hisabati kwa mapenzi matupu, na nimewaona wengi waliofaulu kwa hofu ya kurudi kwao mikono mitupu.

Lau rai hii ingebaki katika hotuba za mahafali, ambako maneno husemwa, yakapigiwa makofi, yakasahauliwa kabla ya soda kwisha, nisingejisumbua nayo. Lakini imeingia katika karatasi. Watoao ufadhili siku hizi, wa ndani na wa nje, humtaka kijana aandike ukurasa mmoja au miwili kueleza kilichomsukuma kuuchagua uhandisi, na kwa ukurasa huo hupima ikhlasi ya moyo wake. Nimepata kuzisoma barua hizo nyingi, kwa kuwa vijana wa jamaa na wa jirani huniletea nizitengeneze lugha, nami naweza kushuhudia kwamba zimefanana kiasi cha kuweza kubadilishwa majina bila mtu kutambua. Zote huanza utotoni. Katika zote pana redio iliyofunguliwa, pana daraja lililosombwa na mvua mbele ya macho ya mtoto, na pana kiapo alichokula mtoto huyo papo hapo kwamba akiwa mkubwa atalijenga upya. Mvua za Rungwe ni kubwa, sikatai. Walakini kama madaraja yote yaliyosombwa katika barua hizo yangekuwa yamesombwa kweli, hapana gari ambalo lingefika Kyela mpaka leo.

Binti mmoja wa Mufindi, ambaye mama yake ni mchuma chai, aliniletea barua ya namna hiyo, nikamwuliza kama ni kweli aliyapenda madaraja tangu udogo wake. Akacheka kwa haya, kisha akanieleza sababu zake kinaganaga, nazo hazikuwa na daraja ndani yake. Alikuwa amefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Hisabati, na mwalimu wake akasema ni hasara kuzipeleka alama zile pengine. Alikuwa na wadogo ambao ada na sare zao zinamngojea yeye. Na alikuwa amechoka kuona mwanamke wa kwao akitajwa kwa kilo za majani aliyochuma. Nikamwambia aandike hayo. Akanijibu, "Shikamoo yako mzee wangu, lakini hayo hayana mfadhili."

Alisema kweli, na kweli hiyo ni fedheha yetu. Tumeanzisha mtihani ambao asemaye ukweli hushindwa na autungaye uongo hulipiwa ada, kisha tunadai kwamba shabaha yetu ni kuwapata wahandisi waaminifu.

Tena tutazame ni nani hasa awezaye kuwa na huo wito wa utotoni. Mtoto wa ofisa aliyekulia Mbeya mjini, mwenye kompyuta sebuleni na baba mdogo aliye mhandisi wa barabara, ataweza kusimulia kwa unyofu kabisa kwamba tangu alipopata akili aliyapenda mambo hayo, maana aliyaona. Mtoto wa Makete au wa milima ya Uporoto, ambaye asubuhi yake ilikuwa ya shamba la viazi na jioni yake ya kuni, hakupata kumwona mhandisi hata mara moja. Aliliona greda likipita, akamwona na dereva wake, lakini aliyeamua greda lipite wapi hakushuka kijijini siku ile. Kumdai huyu wa pili mapenzi ya kitu ambacho hakupata kukiona, na kumnyima nafasi kwa kuwa hana mapenzi hayo, ni kumwadhibu kwa ufukara wa wazazi wake, kisha kuuita ufukara ule upungufu wa moyo.

Na historia ya nyanda hizi yenyewe inaikanusha rai hii, hata nastaajabu kwamba wenyeji wake ndio waishikayo. Iko Ifunda, kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mafinga. Mahali pale palikuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wapolandi walipoondoka, serikali ya kikoloni ikapafanya, katika miaka ya mwanzo ya 1950, shule ya ufundi, na vijana wa Tanganyika wakaja kujifunza useremala, uashi na ufundi wa mitambo. Mzazi wa siku zile aliyemfungia mwanawe mzigo na kumpeleka Ifunda hakuwa na shaka juu ya anachokitafuta: alitaka mwana awe na kazi ya mikono inayolipwa, ili kodi ipatikane na nyumba iezekwe bati. Vijana wale wakawa mafundi. Nchi iliyopata uhuru 1961 ikiwa na upungufu mkubwa wa watu wa kazi hizo iliwatumia wote, wala haikuwarudisha kwao kwa kosa la kupenda ujira.

Ama reli ya TAZARA, ipitayo Makambako na Mbeya kwenda Tunduma na kuingia Zambia, hiyo ni ushahidi mkubwa zaidi. Mapatano yake yalitiwa sahihi Beijing mwaka 1967, baada ya wakubwa wa fedha wa nchi za Magharibi kuipima na kusema kwamba haina faida; ujenzi ukaanza 1970, na katika mwaka 1975 njia ya kilomita 1,860 ilikuwa imekwisha kulazwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande chake kigumu kilikuwa hiki cha kwetu, kutoka Mlimba katika bonde la Kilombero kupanda hadi Makambako, ambako milima imetobolewa na mabonde yamevukwa kwa madaraja marefu, kiasi kwamba msafiri hutoka katika giza la handaki moja na kabla macho hayajauzoea mwanga akaingia katika giza la jingine. Reli ya namna hiyo haiwezi kuendeshwa na wageni milele. Kwa hiyo mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, kusomea mambo ya reli.

Nawauliza wapinzani wangu: katika vijana hao, mzaliwa wa Mbeya au wa Njombe angeipendaje reli tangu utotoni, ilhali utotoni mwake hapakuwa na reli? Alikuwa na cheti kizuri, ikaja nafasi, akaishika kama mtu ashikavyo nafasi, akiwaza masomo ya ng'ambo na kazi ya uhakika arudipo na jina zuri kwa wazazi. Mapenzi, kama yalikuja, yalikuja baadaye, katika kuijua kazi. Walirudi, na treni zikapita. Ikiwa leo reli hiyo imechakaa, na imechakaa, sababu zake ni mitaji, na uongozi, na vichwa vya treni visivyonunuliwa kwa wakati wake; sijamsikia hata mtu mmoja akidai kwamba imechakaa kwa kuwa wale vijana hawakuota ndoto za reli wakiwa wadogo.

Nikitoka nje ya mipaka yetu kwa dakika moja tu, namkuta George Stephenson wa Uingereza, ambaye kwao humwita baba wa reli. Babaye alikuwa mtia moto wa injini ya kuvuta maji katika mgodi wa makaa; yeye mwenyewe hakujua kusoma mpaka alipofikia umri wa miaka 18, akalipia darasa la usiku kwa ujira wake mdogo, na alipozidiwa na maisha akashona viatu na kutengeneza saa za watu ili kuongeza kipato. Alitaka kupanda cheo mgodini. Mtu huyu angepeleka barua ya ukweli kwa mfadhili wa leo, angejibiwa kwa upole kwamba safari hii hakubahatika.

Wala si mara ya kwanza kwa nchi hii kutaka kuchungulia moyoni mwa mwombaji. Azimio la Musoma la 1974 liliweka kwamba amalizaye kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwanza, kisha alete sifa njema kutoka kwa mwajiri wake na kutoka tawi la chama. Kusudi lilikuwa jema, na ile sehemu ya kufanya kazi kabla ya masomo naikubali hata leo. Lakini ile ya sifa za tawi ilipasa itufundishe kwamba nia ikidaiwa kwa karatasi italetwa kwa karatasi. Mwenyekiti wa tawi amekwenda zake, na utaratibu ule uliachwa zamani; bali kiti chake hakikukaa wazi, amekikalia mfadhili.

Sasa niirudie hoja ya saruji, ambayo ndiyo ngome yao. Wanadai kwamba aingiaye kwa ajili ya fedha ataiba kwa ajili ya fedha. Hapa wamechanganya mambo mawili ambayo hata mtoto muuza karanga wa Mwanjelwa huyatenganisha. Kutaka mshahara ni kutaka malipo ya kazi uliyoifanya. Kuiba saruji ni kutaka malipo ya kazi usiyoifanya. Na hilo la pili humpata mwenye wito na asiye na wito, kwa kadiri ile ile ambayo hapana anayemtazama. Zaidi ya hayo, ategemeaye mshahara kulisha wadogo zake ana kitu cha kupoteza akifutiwa usajili, na mtu mwenye kitu cha kupoteza huogopa. Ilhali yule ajionaye ameitwa, ambaye moyo wake umekwisha kumthibitishia kwamba yeye ni safi, ndiye aghalabu asiyependa kazi yake ikaguliwe. Nimewaona wa namna hiyo. Ukimwomba vipimo vya udongo hukasirika, kana kwamba umemtukana mamaye.

Kwa bahati njema uhandisi haukusimamishwa juu ya kuaminiana mioyo. Zege linapomwagwa kwenye nguzo ya daraja, sehemu yake huchotwa ikashindiliwa katika vikasha vya chuma, ikitoka humo ikawekwa majini, kisha ikavunjwa katika mashine, vipande vingine baada ya siku 7 na vingine baada ya siku 28, na mashine husema ni mzigo kiasi gani kila kipande kilihimili kabla ya kupasuka. Namba ikiwa pungufu, nguzo ina shaka, hata kama aliyelichanganya lile zege alikuwa akitokwa machozi ya mapenzi. Laiti nusu ya bidii inayotumika kuchungua nia za vijana wa kidato cha sita ingetumika kuvunja vipande vile vya zege katika kalavati za wilayani, na kuwauliza wakandarasi walikoupata mchanga, tusingekuwa na haja ya mjadala huu. Ni rahisi kumhubiria kijana uaminifu. Kupeleka msimamizi asiyehongeka kwenye kazi ya mvua na matope, pale barabara ishukapo Kitonga au ipandapo Iwambi, kunataka gari, posho na ujasiri.

Na sheria yenyewe inalijua hilo. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, aliyemaliza chuo hawi mhandisi kamili kwa kumaliza chuo. Husajiliwa kuwa mhandisi mhitimu, akatumika chini ya waliomtangulia, na tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango wa miaka mitatu wa kumlea katika kazi kabla hajahesabiwa kuwa mtaalamu wa kutia mhuri wake katika michoro. Katika miaka hiyo huulizwa amesanifu nini, amesimamia nini, amekosea wapi na amerekebishaje. Wazee wa fani waliouweka utaratibu huo walikuwa na hekima ya kutodai kuyajua ya moyoni.

Mapenzi, kwa upande mwingine, yana kilema chake ambacho wahubiri wa wito hawakitaji. Katika milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, mto Kihansi huporomoka kiasi cha mita 850, na hapo pakajengwa kituo cha umeme cha megawati 180 kilichofunguliwa mwaka 2000. Kwa jicho la fani ni kazi tamu: bwawa dogo, njia ya maji ndani ya mwamba, anguko refu, umeme mwingi kwa ardhi ndogo iliyofunikwa na maji. Mpenzi yeyote wa uhandisi akiutazama mchoro wake atalala kwa furaha. Walakini katika rasharasha za maporomoko yale waliishi vyura wadogo wa rangi ya manjano, wadogo kiasi cha kukaa juu ya kidole, wasiopatikana pahali pengine duniani, nao walitambuliwa na wataalamu mwaka 1996, mradi ukiwa umekwisha kuanza. Maji yalipogeuzwa kupita ndani ya mwamba, korongo likabakiwa na kama sehemu moja katika kumi ya maji yake, na rasharasha zikakoma. Ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia korongo, na vyura wengine wakapelekwa Marekani kulelewa katika bustani ya wanyama ya Bronx. Waliobaki, pamoja na mabomba yale, wakapatwa na maradhi ya ukungu wa ngozi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa kwao.

Sisemi haya ili kumlaumu mtu, maana waliofanya kazi ile walikuwa mahodari, na umeme wake tunautumia sote. Nasema kwamba kilichopungua hapo hakikuwa mapenzi ya fani. Kilichopungua ni mazoea ya kuuliza, kabla ya kuchora, nani mwingine anayatumia maji haya. Na mazoea hayo hayaji kwa kuota ndoto, huja kwa kufundishwa, na kwa sheria inayokulazimisha kuuliza hata siku ambayo huna hamu ya kujua jibu. Tena yule mtu ashukaye korongoni kuzibua matundu ya mabomba yaliyoziba hatakiwi kuimba mashairi ya wito. Anatakiwa aende siku impasayo kwenda, na alipwe mwisho wa mwezi.

Watanitajia mafundi wa vijijini, wale wa Njombe hasa, ambao bila kukanyaga chuo walizuia vijito vya kwao wakajizalishia umeme, na watasema: huo ndio wito mtupu. Nawaheshimu mafundi hao kuliko wanavyoheshimiwa na wengi wawatajao. Lakini kilichowasukuma ni giza. Walitaka taa nyumbani, walitaka mashine ya kusaga karibu, walitaka pia kumwuzia jirani umeme uliozidi, na sioni aibu gani iliyomo katika hayo. Shida ilitangulia, werevu ukafuata. Huko Mufindi, kituo kidogo cha Mwenga cha megawati 4, kinachotoa umeme tangu 2012 kwa chai na kwa vijiji, kilisimamishwa na hesabu ya namna hiyo hiyo: kiwanda cha chai kinataka umeme usiokatika, vijiji vinataka taa, na mto upo. Daraja la Mungu pale Kiwira ndilo daraja pekee la nyanda hizi ambalo halikungoja mtu awe na haja nalo, nalo lilijengwa na mlima wa moto.

Kwa nini basi rai dhaifu kama hii imependwa hivi? Mimi naona imependwa kwa sababu ni nafuu. Ikiwa mhandisi mwema hutokana na moyo wake, basi mhandisi mbaya pia hutokana na moyo wake, na hapana haja ya kuuliza karakana ilikuwa na nini. Upande wa magharibi wa mji wa Mbeya kiko chuo ambacho kilianza 1986 kuwa Chuo cha Ufundi, kwa mapatano ya serikali yetu na Umoja wa Kisovieti, kikawa taasisi 2005 na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia 2012. Katika namna hiyo ya kukua ipo fahari, ipo na hatari ambayo haikihusu chuo kimoja bali vyote nchini vilivyopanda daraja: kwamba hadhi hupanda upesi kuliko idadi ya mashine za kukereza vyuma. Nimewahi kuingia katika karakana ya chuo kimoja, ambacho sikitaji, nikawakuta vijana wengi wamezunguka mashine moja, wa mbele wakitazama mikono ya mwalimu na wa nyuma wakitazama migongo ya wa mbele. Unaweza kuwa na wito wa Nabii Daudi wa kufua chuma. Ukisimama nyuma kwa miaka minne utatoka humo hujui kulinoa tindo. Na mwanafunzi asiye na wito hata chembe, akiishika mashine ile mwenyewe, akaharibu kipande, akaambiwa afanye tena, akafanya, akakipima akakuta kimekuwa sawa, huanza hapo hapo kupatwa na kile ambacho wakubwa wanadai alipaswa kuja nacho kutoka kwao.

Hayo ya mafunzo kwa vitendo ni hivyo hivyo. Kijana hupelekwa kiwandani au kwenye mradi wakati wa likizo, akakaa wiki kadhaa akiagizwa chai na kupanga mafaili, akarudi na barua iliyopigwa mhuri. Tukimwona baadaye hana hamu tunasema, "Huyu alifuata bumu tu," yaani ile fedha ya kujikimu apewayo mwanafunzi. Yamkini alifuata bumu. Je, sisi tulimpa kitu gani kingine cha kufuata?

Imebaki ile hoja ya kiti cha benki. Ni kweli kwamba wapo wahandisi wahitimu wanaohesabu fedha za watu, na wapo waliofungua maduka Mwanjelwa, na wapo waendeshao bodaboda kati ya Kabwe na Soweto. Lakini yeyote anayedhani kwamba waliobaki katika fani ni wenye wito na walioondoka ni wenye tamaa, na awaulize walioondoka. Wengi wao walingoja nafasi ya kulelewa kazini ambayo haikuja, au ilikuja bila malipo ya kutosha nauli na kodi ya chumba. Mapenzi hayamlipi mwenye nyumba. Mwenye wito aliye mtoto wa tajiri atangoja miaka miwili huku akilishwa kwao, nasi tutamsifu kwa uvumilivu. Yule wa Makete hawezi kungoja miezi mitatu, nasi tutasema hakuipenda kazi. Na wakati huo Mbarali inataka mabanio yasiyopoteza maji, ili Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 hukauka kiangazi, upate walau maji ya kupita. Mafinga inataka mitambo ya mbao isiyokata vidole vya watu. Vijiji vingi vya wilaya zetu vina pampu zilizozinduliwa kwa ngoma na kunyamaza kabla ngoma hazijasahauliwa. Kazi ipo tele. Lililopungua ni mwajiri, na mwajiri hapatikani kwa kumhubiria mwajiriwa.

Kwa hiyo napendekeza kwamba watoao ufadhili walifute swali lile katika fomu zao. Badala yake wamchukue mwombaji, akiwa amemaliza kidato cha sita na anangoja matokeo, wamweke mwezi mmoja katika karakana au kwenye mradi wa maji, chini ya fundi mchundo mkali, wamlipe ujira wa kibarua, kisha wamwulize yule fundi maswali mawili: je, alifika kwa wakati, na je, alipoambiwa amekosea, alirudia? Itakuwa ghali kuliko kusoma barua, nakiri, na itawalazimu wafadhili wengine kufika Ifunda au Iyunga kwa miguu yao. Na ikiwa ni lazima swali la sababu liulizwe, na liulizwe mwishoni, kwa mhandisi aliyekaa kazini miaka kumi na ana nguzo zake zilizosimama na nyingine zilizopasuka. Huyo atakuwa na jambo la kujibu, na mshahara wake utakuwa umekwisha kumaliza ada za wadogo zake.